Ekstensheni ya gurudumu yenye RCD kwenye plagi: tathmini kwa mwenye kibanda bustanini

Mtu anayehitaji umeme wa muda kwenye kibanda cha bustani, iwe ni kwa ajili ya taa, drili, chaja za betri au hita ndogo, halazimiki kuchimba mtaro na kulaza kebo ya kudumu, lakini pia hapaswi kuchukua ekstensheni yoyote anayoiona sebuleni na kuipitisha dirishani. Katikati ya njia hizo mbili ndipo inapokaa bidhaa ninayoitathmini hapa: ekstensheni ya gurudumu yenye urefu wa mita 25, waya wa mpira wenye kondakta tatu za milimita za mraba 1.5, soketi nne zenye vifuniko vya springi, swichi ya joto ndani ya gurudumu, na swichi ya RCD, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja, ya miliampia 30 iliyojengwa ndani ya plagi. Kampuni nyingi hutengeneza muundo huu kwa tofauti ndogo ndogo, kwa hiyo ninayoyasema yanahusu muundo wenyewe na si nembo iliyobandikwa juu yake. Hukumu yangu naitoa mapema: ni kifaa kizuri, na sababu kubwa ya uzuri wake iko kwenye plagi, si kwenye gurudumu ambalo ndilo linalopigiwa debe kwenye boksi.

Kazi ya RCD ni kulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa laini na ule unaorudi kwa waya wa nyutro. Nyaya zote mbili hupita ndani ya pete moja ya sumaku, na maadamu viwango vinalingana, nguvu zao za sumaku hufutana. Sehemu ya umeme ikipata njia nyingine ya kurudia, kwa mfano kupitia mwili wa mtu aliyesimama kwenye udongo wenye unyevu, ulinganifu huo huvunjika na swichi hujikata. Kiwango cha miliampia 30 hakikuokotwa tu. Umeme wa takriban miliampia 10 unatosha kuikaza misuli ya mkono hadi mtu ashindwe kuachia alichokishika, na ukipita miliampia 30 mwilini kwa muda, hatari ya moyo kupoteza mpangilio wa mapigo yake inakuwa ya kweli. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, RCD ya aina hii inapaswa kukata ndani ya milisekunde 300 uvujaji ukifika miliampia 30, na ndani ya milisekunde 40 ukifika mara tano ya hapo. Mtu atapigwa shoti na ataisikia, ila umeme haupati muda wa kumaliza kazi yake.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita ni mahali RCD ilipowekwa. Ekstensheni nyingi za gurudumu zinazouzwa kwa maelezo kwamba ni salama kwa matumizi ya nje zina RCD kwenye uso wa gurudumu, kando ya soketi. Ukilichukua gurudumu hilo hadi kibandani na kuchomeka plagi yake nyumbani, RCD inakuwa imekaa mwisho wa waya, na kazi yake inakuwa kulinda vile tu vilivyochomekwa kwenye gurudumu. Mita zote 25 zilizolala kwenye nyasi, ambazo ndizo zinazoweza kukatwa na sepeto, kupitiwa na mashine ya kukata nyasi au kutafunwa na panya, zinabaki nyuma yake bila ulinzi huo. RCD iliyomo ndani ya plagi inasimama kabla ya waya kuanza, kwa hiyo inaulinda waya wote, gurudumu lenyewe na kila kilicho mbele. Kama mtu ana nafasi ya kuuliza swali moja tu kabla ya kununua, aulize RCD iko upande gani.

Ikiwa soketi ya nyumbani tayari inalindwa na RCD iliyoko kwenye ubao mkuu wa umeme, hii ya plagi inakuwa ya pili. Hakuna hatari katika hilo, ingawa kuna kero: zote mbili zikiwa za miliampia 30, hakuna uhakika ni ipi itakayotangulia kukata, na hitilafu ya kibandani inaweza kuizimisha sehemu ya nyumba pia. Hata hivyo, nisingeiacha ya plagi kwa kisingizio cha ile ya ubaoni. Ile ya ubaoni mara nyingi husahaulika miaka mingi bila kujaribiwa, lakini hii iko mkononi mwako kila unapochomeka.

Plagi yenyewe ni nene, na kwenye soketi iliyo karibu sana na sakafu inaweza kugoma kukaa vizuri. Ina vitufe viwili, kimoja cha kuwasha na kingine cha kujaribu, pamoja na kidirisha kidogo kinachogeuka rangi umeme unapopita. Kubonyeza kitufe cha kujaribu kabla ya kila matumizi ni kazi ya sekunde moja: mlio mkavu unasikika na rangi ya kidirisha inabadilika. Kama haibadiliki, ekstensheni hiyo haifai kutumika siku hiyo wala nyingine. Lakini ni vizuri kuelewa kitufe hicho kinathibitisha nini. Kinatengeneza uvujaji mdogo wa bandia ndani ya plagi yenyewe ili kuona kama mtambo wa kukata unafanya kazi. Hakisemi lolote kuhusu waya wa ethi, yaani ule wa kuupeleka umeme uliovuja ardhini, na ekstensheni ambayo waya wake wa ethi umekatikia njiani itafaulu jaribio hilo bila shida. Ethi hupimwa kwa kipimo chake, na maltimita ya kawaida inaweza angalau kuonyesha kama waya umeunganika kutoka pini ya ethi hadi kwenye soketi, ekstensheni ikiwa imechomolewa kabisa ukutani.

Kuna aina mbili za RCD za plagi, na boksi husema kwa maandishi madogo. Moja hujikata yenyewe umeme wa nyumba unapokatika na haiwaki tena mpaka mtu aibonyeze. Nyingine hukaa ilivyo, na umeme ukirudi vifaa vinaendelea. Hii ninayoitathmini ni ya aina ya kwanza, na kwa kibanda cha kazi naiona ndiyo bora, kwa sababu msumeno wa umeme uliosahauliwa ukiwa umewashwa hautaanza kuzunguka wenyewe umeme ukirudi. Kwa anayetaka kuweka jokofu kibandani ni kinyume chake, maana umeme ukikatika usiku kwa dakika moja, asubuhi atakuta vyakula vimeyeyuka. Tofauti nyingine inahusu herufi: RCD ya aina ya AC hutambua uvujaji wa umeme wa kawaida wa kupishana peke yake, ilhali ya aina ya A hutambua pia ule unaotoka kwa mapigo ya upande mmoja, ambao chaja, taa za LED na vifaa vingine vya kielektroniki huweza kuutoa. Vibanda vya siku hizi vimejaa chaja, kwa hiyo aina ya A ndiyo ya kutafuta.

Waya wake unastahili sifa. Kwenye ganda lake jeusi, kila baada ya kipande kifupi, yamechapwa maandishi H07RN-F, na kila sehemu ina maana: 07 inaonyesha kiwango cha volti 450 hadi 750, R ni kihami cha mpira juu ya kila kondakta, N ni ganda la nje la neopreni, na F ni kwamba kondakta zake ni nyuzi nyembamba zinazokunjika. Ekstensheni nyeupe ya sebuleni kwa kawaida huwa H05VV-F, yaani plastiki ya PVC ndani na nje kwa volti 300 hadi 500. Plastiki hiyo hukakamaa kwenye baridi, na ikiachwa juani muda mrefu hupauka na kupasuka. Mpira hulala chini ulivyoambiwa, haujikunji wenyewe kuwa mtego wa miguu, na unavumilia mafuta na kukwaruzwa. Una uzito zaidi, hilo halina ubishi, na mtu mwenye mikono dhaifu atachoka kulibeba gurudumu hili kila siku.

Gurudumu ndilo lenye udhaifu mkubwa zaidi, na natamani watengenezaji wangelisema hilo kwa herufi kubwa. Karibu na mshikio kuna kibandiko kinachotaja mizigo miwili: wati 1000 waya ukiwa umezungushwa, na wati 3000 ukiwa umenyooshwa wote. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Kondakta ya shaba laini ya milimita za mraba 1.5 ina ukinzani wa takriban omu 13.3 kwa kila kilomita, kwa hiyo kwenye mita 25 za kwenda na 25 za kurudi ukinzani ni kama omu 0.67. Hita ya wati 2000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampia 8.7, na katika kiwango hicho waya wenyewe hugeuza takriban wati 50 kuwa joto. Ukivuta wati 3000, joto linapita wati 100. Waya ukiwa umenyooshwa kwenye nyasi, joto hilo hutawanyika bila mtu kuligundua. Ukiwa umezungushwa tabaka juu ya tabaka, ni sawa na kuifunika balbu ya zamani ya wati 100 kwa blanketi: joto halina pa kutokea, mpira unalainika, na kondakta za tabaka la ndani zinaweza hatimaye kugusana. Swichi ya joto imewekwa ili ikate kabla ya kufika huko, na hukata kweli, lakini iko kwenye kitovu cha gurudumu na ni kinga ya mwisho ambayo haifai kugeuzwa kuwa mazoea. Kwa hita, waya wote utolewe, hata kama kibanda kiko mita 10 tu kutoka nyumbani, na unaobaki ulazwe kwa mikunjo mipana isiyopandana.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini ekstensheni mbili hazipaswi kuunganishwa. Kwenye mita 25, hita ya wati 2000 hupoteza karibu volti 6 njiani, jambo ambalo hakuna atakayeliona. Kwenye mita 50 za waya huo huo inapoteza karibu volti 12, na mota zinaanza kulalamika. Kubwa zaidi ni kwamba waya mrefu hupunguza nguvu ya shoti, yaani umeme unaopita laini na nyutro zikigusana, na hapo ndipo watu wanaposahau kwamba RCD haina kazi yoyote laini ikigusana na nyutro, kwa kuwa kinachokwenda na kinachorudi bado vinalingana. Anayetegemewa hapo ni sakiti breka ya ubaoni, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, au fyuzi. Sakiti breka ya ampia 16 ya aina ya C inaweza kuhitaji hadi ampia 160 ili ikate papo hapo. Mita 50 za waya wa milimita 1.5 zina omu 1.33, ambazo peke yake zinaishusha shoti hadi karibu ampia 173, na ukijumlisha nyaya za ndani ya nyumba unaweza kuanguka chini ya kiwango hicho. Hapo breka inachelewa huku waya ukiungua. Anayehitaji umbali mkubwa anunue urefu unaofaa wa milimita za mraba 2.5, wenye ukinzani wa omu 8 hivi kwa kilomita. Kiungio cha ekstensheni mbili, zaidi ya hayo, huishia kulala penye majani yenye umande.

Vifuniko vya soketi vina daraja la IP44. Nne ya kwanza inazuia vitu vigumu vya unene wa milimita 1 na zaidi, na ya pili inazuia maji yanayorushwa kutoka upande wowote. Haizungumzii maji ya bomba yenye kasi wala kidimbwi. Springi za vifuniko ni ngumu na zinarudi vizuri. Tatizo ni chaja. Chaja pana ikichomekwa, kifuniko kinabaki wazi kikiegemea mgongo wake, na kuanzia hapo IP44 ni maandishi tu. Kwa hiyo gurudumu likae ndani ya kibanda, juu ya rafu au ndoano, na kinachobaki nje kiwe waya mtupu usio na kiungio chochote. Soketi nne pia zinashawishi. Jumla ya mzigo ni ile ile ya plagi moja, na birika pamoja na hita vikiwaka kwa wakati mmoja vitavuka kiwango kabla ya mtu kuwasha taa.

Kuhusu njia ya waya, sehemu mbaya kuliko zote ni mlangoni. Watu huupitisha waya chini ya mlango au kwenye ukingo wa dirisha, kisha hufunga, na kila kufunga kunaukandamiza pale pale. Ganda la neopreni linavumilia, ila si milele. Ni afadhali kutoboa tundu dogo ukutani na kulivalisha mpira wa kulinda waya, au kumwomba fundi umeme aweke kwenye ukuta wa kibanda plagi ya nje yenye pini zilizokingwa kwa kifuniko, ile ya bluu ya ampia 16 kwa volti 200 hadi 250 inayofuata kiwango cha IEC 60309, na kutoka hapo soketi na taa za ndani. Kwa mpangilio huo, waya wenye kike cha bluu, yaani kichwa chenye matundu, upande wa kibandani huchomekwa unapohitajika na kuondolewa kazi ikiisha. Kanuni isiyovunjwa ni kwamba upande wenye umeme ni wa matundu daima, na pini ziko upande unaopokea. Waya wenye plagi za pini pande zote mbili, ambao bado wapo watu wanaoutengeneza ili kuingiza umeme kwenye soketi ya kibanda, huacha pini tupu zikiwa na volti 230 mkononi mwa anayeuchomoa. Waya kama huo ukatwe vipande.

Kipo kipengele kimoja ambacho hakuna ekstensheni inayoweza kukitatua, nacho ni ethi. Katika baadhi ya mifumo, ethi ya nyumba imeunganishwa na nyutro ya mtandao wa umeme pale inapoingia nyumbani. Nyutro hiyo ikikatika huko nje, vyuma vyote vilivyoungwa na ethi vinaweza kupanda volti kulinganisha na udongo. Ndani ya nyumba madhara hupungua kwa sababu vyuma vyote hupanda pamoja. Kwenye kibanda cha mabati chenye sakafu ya udongo, mtu anashika chuma huku miguu yake iko ardhini kabisa, na RCD ya kawaida haikati waya wa ethi. Fundi mwenye ujuzi ndiye wa kuamua kama kibanda kinahitaji fimbo yake ya ethi. Kwa matumizi ya muda mfupi, vifaa vyenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, vinapunguza sana wasiwasi huo, kwa kuwa vina vihami viwili na havitegemei ethi.

Kijitabu cha maelekezo ni kifupi na hakitaji lini matumizi ya muda yanaacha kuwa ya muda. Mimi naupima hivi: waya ukikaa nje mpaka nyasi zikaupanda na kuuficha, hiyo tayari ni laini ya kudumu iliyowekwa vibaya, na wakati wa kumwita fundi kwa ajili ya kebo yenye ganda la chuma umefika. Kabla ya kila kuzungusha, uupitishe waya mkononi taratibu ukiwa umechomolewa. Ganda likiwa na mkato unaoonyesha rangi za ndani, utepe wa umeme si matengenezo. Kipande hicho kikatwe, waya ufupishwe na uungwe upya na anayejua, au ekstensheni itupwe.

Washindani wake ni wawili. Jenereta ndogo hainishawishi hata kidogo, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi na haiwezi kuwekwa kibandani wala mlangoni pake. Betri kubwa ya kubebeka yenye kigeuzi umeme, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ni suala tofauti. Ile ya saa-wati 1000 huwasha taa ya LED ya wati 10 kwa zaidi ya saa 80 hata baada ya kupotea kiasi ndani ya kigeuzi, bila waya wowote kuvuka bustani. Hita ya wati 2000 itaimaliza kwa chini ya nusu saa, kama kigeuzi chake kinaubeba mzigo huo kabisa. Kwa hiyo mwenye kibanda cha taa, redio na chaja ningemshauri aanzie kwenye betri. Mwenye msumeno, mashine ya kukwangua mbao au hita, ekstensheni hii ndiyo yake, na aangalie kwanza kama plagi yake nene itaingia kwenye soketi aliyo nayo.